Siku Nilipomkagua Mwalimu Kwenye Pantoni

Kuna watu pale Busisi ambao hadi leo wakiniona wananiita Mkaguzi, na wageni wanadhani ni cheo, nami nawaacha wadhani hivyo hivyo, maana nikianza kueleza jina lilikotoka naumbuka upya. Ninyi nawaeleza kwa sababu ni watu wangu, ila mkicheka chekeni kidogo, bado panauma.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nafanya kazi kwenye pantoni inayovusha watu na magari kati ya Kigongo na Busisi. Kazi yangu ilikuwa kupanga magari yasigongane na kuwaambia abiria washuke kwenye mabasi kabla hatujang'oa nanga, na kwa kazi hiyo nilipewa kipaza sauti cha mkononi, na jamani, kitu kile kikizoea mkono wa mtu kinampanda kichwani (mke wangu alishaniambia hata nyumbani nilikuwa naongea kama nawashusha watu kwenye basi).

Binti yangu Kabula alikuwa kidato cha pili, katika sekondari ya kutwa ambayo wananchi tuliijenga wenyewe kwa kusomba mawe na mchanga, na kwa kweli majengo tuliyamudu, kilichotutesa ni masomo. Watoto walikuwa wanarudi na madaftari yenye kurasa nyingi nyeupe. Kabula alileta mtihani wa hisabati amepata saba. Si saba ya kumi, saba ya mia! Na mwisho wa mwaka ulikuwepo mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ukifeli unarudia, ukifeli tena ndiyo kwaheri, na shemeji yangu wa mjini alikuwa keshasema kwamba mtoto akishindwa apelekwe kwake Mwanza, atatafutiwa nafasi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Mama Kabula, ambaye yeye mwenyewe alikuwa anakaanga samaki pale pale gatini tangu ujana wake, hakutaka kusikia. "Samaki nimewashika mimi, inatosha," alisema, "huyu ashike kalamu." Nami nilitaka hivyo hivyo, nilitaka mpaka usingizi unakata.

Basi ukaitishwa mkutano wa wazazi. Tulipiga kelele pale! Mkuu wa shule alisimama mara mbili atueleze jambo, tukamzomea, akakaa. Mwalimu wa hisabati, Mwalimu Magesa, kijana wa Kijita kutoka upande wa Musoma, hakuwepo, na mzazi mmoja akauliza kwa nini kila Jumanne huyu haonekani darasani. Nikanyoosha mkono haraka kama mwanafunzi. Nikasema mimi namwona kwa macho yangu, kila Jumanne asubuhi anavuka kwenda Mwanza, na alasiri anarudi na gunia limevimba, limefungwa kamba ya katani kila upande. Ukumbi mzima ukaguna. Zile ndizo siku za biashara huria, kila mtu ana mradi wake, mwalimu mmoja alikuwa anauza barafu mpaka ndani ya darasa, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwenye gunia la namna ile kuna nini. Mitumba! Ikaamuliwa wazee watatu wakaongee na mkuu wa shule wiki inayofuata, taratibu, kwa adabu. Mimi nikaona wiki inayofuata ni mbali mno, nikaamua moyoni kwamba Jumanne nitauliza swali moja tu, dogo, hata si ugomvi.

Jumanne alasiri pantoni ilijaa. Kulikuwa na basi la Geita, malori mawili ya pamba, akina mama na matenga yao. Mwalimu Magesa akaingia na gunia mgongoni, shati limelowa jasho, akanisalimia vizuri kabisa.

"Shikamoo, Baba Kabula."

"Marahaba. Mzigo gani huo, mwalimu?"

"Vitu vya shule tu, mzee."

Akakaa juu ya gunia lake, akafumba macho. Swali langu moja nilikuwa nimeshauliza na nimeshajibiwa, na laiti ningerudi kupanga malori yangu leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini ile "vitu vya shule tu" niliisikia kama dharau, na mkononi nilikuwa na kile kipaza sauti, na pantoni imeshang'oa, watu hawana pa kwenda. Nikakiwasha.

"Abiria, naomba mnisikilize! Wenye watoto sekondari mpo?"

"Tupo!" wakajibu, na hata wasio na watoto wakajibu.

"Watoto wetu wanapata saba ya mia! Mwalimu wao wa hisabati huyu hapa, yuko safarini! Tumuulize amebeba nini, au tusimuulize?"

"Tumuulize!"

Mama mmoja mwenye tenga la nyanya akapiga kelele, "Afungue tuone, na kama kuna gauni zuri anitolee!" Watu wakacheka, mimi nikavimba. Mwalimu akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tukifika Busisi atanifungulia mwenyewe, hapa hapafai, maji yako karibu. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mmesikia? Anasema hapafai!" Nikalivuta gunia hadi mbele kabisa kwenye nafasi (nafasi ilikuwepo kwa sababu pale mbele ndipo lilipo lile bati linaloshushwa magari yatoke, na haparuhusiwi kuwekwa kitu, na anayehakikisha hapawekwi kitu ni mimi), nikachomoa kisu, nikakata kamba.

Vikamwagika vitabu. Vya hisabati, vya fizikia, vya kemia, vingine havina majalada, vingine vimeliwa na mchwa pembeni, vyote vya Kiingereza. Watu wakasogea kuchungulia. Halafu yule mama wa nyanya akasema, "Gauni langu liko ukurasa wa ngapi?"

Sikupata muda wa kumjibu, kwa sababu tulikuwa tumeshafika gatini, na mwenzangu wa kule juu kwenye mitambo, ambaye huangalia nchi kavu na kuniamini mimi kwa yaliyobaki, akashusha bati. Vitabu vikaanza kuteleza. Kimoja, viwili, halafu vyote kwa pamoja, chubwi, chubwi, ndani ya ziwa, mbele ya Busisi nzima.

Nikaruka na viatu. Maji yalikuwa ya kifuani tu, hilo namshukuru Mungu, ila suruali yangu ya kazi ilikuwa kubwa kwangu na nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha kamba badala ya mkanda, na wakati nahangaika kukusanya vitabu kwa mikono miwili nikasikia kitu kinanivuka miguuni taratibu, kikaenda zake. Nikabaki na fulana na kaptula ya ndani (yenye tundu), nimekumbatia fizikia, watu wamejaa juu wanapiga vigelegele. Aliyeniokoa ni Mama Kabula. Aliacha karai lake la samaki, akaingia majini hadi magotini, akanirushia kitenge chake cha mabegani bila kusema neno, na mimi ninamfahamu mke wangu, akinyamaza hivyo ni vibaya kuliko matusi. Nikatoka nimevaa kitenge cha maua mekundu. Na juu pale, amesimama na sare yake ya shule, Kabula ananitazama. Hakucheka. Heri angecheka.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea ni kilichofuata. Mwalimu Magesa naye aliruka, na vijana wa mitumbwi wakaruka, vitabu karibu vyote vikaokolewa, na akina mama wanaoanika dagaa pale mchangani wakasogeza dagaa zao wakatuachia nafasi, tukavianika vitabu, ukurasa mmoja mmoja, kana kwamba ni mali yetu sote. Wazazi waliokuwa kwenye pantoni wakainama na sisi. Hapo ndipo, nimechuchumaa na kitenge changu, nikamwomba mwalimu msamaha.

"Yameisha, mzee," alisema. "Chuo cha ualimu kule Butimba wanatoa vitabu vya zamani, lakini mwenye funguo za stoo yupo Jumanne peke yake. Mkuu wa shule alinipa ruhusa. Vipindi vya Jumanne nafidia Jumamosi asubuhi." Akageuza ukurasa uliokuwa umeshikana. "Ila Kabula simwoni Jumamosi. Nilidhani anaumwa."

Jamani. Kwa sababu Kabula alikuwa ananiaga kila Jumamosi, "Baba, kuna vipindi," nami namjibu kwamba Jumamosi shule zimefungwa dunia nzima, asinidanganye, ashike jembe. Ile saba ya mia kwa sehemu kubwa niliipata mimi. Nilimtazama mwanangu, ambaye alikuwa ameshuka kuanika na sisi, naye akainamia kitabu alichoshika, akaendelea kukipepea kikauke, hata hakunisuta. Nililia pale, nasema wazi, mtu mzima nimevaa kitenge, nikalia.

Jumamosi iliyofuata nilimwamsha mwenyewe, nikamsindikiza hadi mlangoni pa darasa, nikakuta watoto wachache, na wiki baada ya hiyo wakawa wengi, kwa sababu wazazi walioanika vitabu walikuwa wamesikia nilichosikia. Jumanne gunia nilikuwa nalibeba mimi kutoka Kigongo, na sikupumzika juu yake hata siku moja. Tukashona majalada kwa karatasi za mifuko ya saruji. Darasa lile lilinuka dagaa mwaka mzima, mwalimu akawa anafukuza paka kabla ya kufundisha.

Kabula alifaulu kidato cha pili. Hisabati alipata hamsini na nne, na nilimweleza kila aliyepanda pantoni, hata walioniomba niwaache walale. Mambo ya shemeji na minofu yakaishia hapo.

Tangu siku ile nimeapa, sitasimama tena mbele za watu kumuuliza mtu swali ambalo sijamuuliza kwanza mwanangu. Jibu lilikuwa ndani ya nyumba yangu muda wote, linaniaga kila Jumamosi asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nalishikisha jembe.