Ufa wa Kigoda cha Baba

Mfinyanzi hulia gaeni, na baba yangu, aliyewachongea vigoda nusu ya wazee wa upande wa Songwa, alikuwa akikalia kiti cha plastiki. Siku moja kiti hicho kilivunjika mguu kikammwaga pamoja na uji wake. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, na tangu hapo hakai popote kabla hajapapasa kwa kiganja: kochi, benchi la kanisani, hata kitanda chake mwenyewe. Iliniuma kumwona hivyo mtu aliyewakalisha wenzake maisha yake yote.

Mimi pia ni fundi, ila wa mjini. Nina banda langu Nyasubi, Kahama, na wateja wangu wakubwa ni wachimbaji dhahabu wa Nyarugusu. Mwamba ukiwakubali, wanataka makochi makubwa yenye vifungo vinavyong'aa na mahali pa kuwekea soda. Ndani ya makochi hayo kuna misumari, gundi na dua.

Kiangazi kilichopita nilikwenda nyumbani kwa wiki mbili, nikamwambia baba nataka kumchongea isumbi, kigoda chetu cha Kisukuma kinachotoka kwenye gogo moja bila msumari wala kiungo. Kwanza alicheka. Kisha akanipeleka nyuma ya ghala, akaligusa kwa fimbo gogo la mninga alilolitunza miaka mingi kwa ajili ya kigoda chake mwenyewe, mpaka macho yakamwahi kabla hajalichonga.

"Ni hilo tu, mayu," alisema. Huniita mayu, yaani mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Gogo jingine kama hilo sijui utalitoa wapi. Chonga asubuhi. Jua likipanda, kifunike kwa gunia lililoloweshwa, ukiweke kivulini. Moyo wa mti hautaki kushtuliwa."

Tezo ilinitoa malengelenge ambayo mashine za banda langu hazijawahi kunipa. Baba alikaa karibu akisikiliza, na kusikiliza kulimtosha. "Hapo unapiga kwa hasira," aliniambia. Au, "Sasa unakaribia mguu, punguza." Nilikuwa na hasira kweli, na kweli nilikuwa nakaribia mguu.

Siku ya tano mteja wa Nyarugusu alinipigia simu kuulizia kochi lake. Mtandao ukasumbua, nikatembea mpaka barabarani, tukabishana weee kuhusu rangi ya kitambaa. Niliporudi, kigoda kilikuwa kimekaa juani saa mbili nzima, gunia liko pembeni kavu. Ufa mrefu kama kidole cha shahada ulikuwa umefunguka kwenye sehemu ya kukalia.

Nilitaka kulia. Badala yake nikafanya kama tunavyofanya mjini: gundi, vumbi la mbao, msasa, mafuta. Nilipitisha kidole mara kumi, hata mimi sikuuona tena. Na baba haoni, nikajiambia. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nililifikiria.

Kigoda kilipokamilika nilimkabidhi. Alikipapasa juu na chini, vidole vyake vikapita juu ya ufa bila kusimama, akatabasamu. Nikashusha pumzi.

"Haya, kaa," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Kwetu aliyechonga ndiye hukaa kwanza, tena kwa kujitupa, uzito wote, mbele ya mwenye kigoda. Nikakaa. Nilikaa kama kuku anayeatamia.

Baba aliinamisha kichwa. "Hujakaa."

"Nimekaa, baba."

"Mtu akikaa, mti unajibu. Mimi sijasikia kitu. Unaogopa nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na gundi. Nilingoja anifokee. Aliuliza tu ufa uko upande gani, kisha akaniambia nikatoe waya wa shaba kwenye redio yake mbovu. Niliikwangua gundi yangu yote, nikatoboa matundu madogo pande mbili za ufa kwa msumari wa moto, nikaushona kwa waya kama marehemu mama alivyokuwa akishona vibuyu vilivyopasuka. Mishono ilikuwa saba, imepinda kidogo, na inaonekana toka mlangoni.

"Kupasuka si aibu," baba alisema akiipitia kwa kidole gumba. "Anayekalia ajue tu pako wapi."

Kisha akaniambia nikae tena. Safari hii nilijitupa kwelikweli. Mti ukalia mara moja, kwa ufupi, na shaba ikashika.

Nilipoinuka, baba alisogea, akakipa kigoda mgongo, akajiachia akakaa. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya fimbo.