Agripina na Ng'ombe Kumi na Wawili wa Mwalimu

Mjukuu wangu Agripina alikuwa hodari wa maneno hata kabla hajaota meno. Siku alipozaliwa hapa Ihanja alilia kwa Kinyaturu, akabembelezwa kwa Kiswahili, na mkunga aliapa kwamba alimsikia akipiga chafya ya Kizungu. Mkunga huyo ameshafariki, kwa hiyo msimsumbue.

Alipofika miaka sita alisema na mbuzi kwa Kinyaturu na wenye maduka kwa Kiswahili, na hata siku moja hakuenda kumwomba mbuzi sukari. Ukimtegea kitendawili kwa lugha moja, alikutegulia kwa zote mbili. Kichwa chake kilikuwa na milango miwili: ukiufunga huu, anatokea kule.

Alipomaliza darasa la pili, ndipo baba yake, mwanangu Benson, akapata wazo. Benson anauza mbegu za alizeti Ikungi, na wazo lenyewe aliletewa na mteja aliyevaa tai. Akamwandikisha mtoto shule ya Kiingereza, akarudi nyumbani na sheria.

"Kuanzia leo, humu ndani ni Kiingereza tu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

"Basi pika mwenyewe, baba. Mimi ugali siujui kwa Kiingereza."

Benson mwenyewe alikuwa na maneno kumi na moja ya Kiingereza, na tisa yalihusu pikipiki. Siku nne tulikula mlenda bila chumvi kwa kuwa hakuna aliyejua kuiomba. Mbwa alifukuzwa jikoni kwa Kiingereza, akakaa chini akisubiri afafanuliwe. Jogoo naye akawa hawiki mpaka saa nne asubuhi, anaogopa kukosea. Asiyeamini aje amuulize. Jogoo bado tunaye.

Shuleni nako kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akisema lugha nyingine, anavikwa shingoni, na anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake naye amvike. Agripina akapiga hesabu zake, akaona heri kuwa bubu kuliko kuwa mpelelezi. Akanyamaza mwaka mzima.

Mwisho wa mwaka ikaja barua. Benson aliisoma mara tatu, jasho likamtoka, mara ya nne akampa Agripina amsaidie. Mtoto akaisoma yote, akamtafsiria baba yake polepole: kwamba Agripina ni mzito wa kuelewa, asiende darasa la nne, arudishwe la pili, na akishindwa tena atafutiwe shule nyingine.

"Umesikia, mama?" Benson akasema, machozi yanamlenga. "Mtoto ni mzito!"

"Nimesikia. Mzito ndiye amekusomea."

Hakuelewa. Agripina aliinamisha kichwa, akaenda kukaa zizini na mbuzi, na hata kwao hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa. Kesho yake nikajifunga kitenge changu cha misiba, nikaichukua ile barua, nikamshika mtoto mkono, tukaenda shuleni.

Mwalimu wake aliitwa Zefania, kijana msafi, viatu vinang'aa kama kichwa cha marehemu mume wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mke mwenzangu kashindwa nini?"

Akanionyesha karatasi ya mtihani, akanisomea kwa Kiswahili: mkulima ana ng'ombe kumi na wawili, watano wamepotea, wamebaki wangapi? Mahali pa jibu palikuwa peupe. Chini yake Agripina alikuwa amechora mtu na fimbo.

"Mwalimu, wewe mtoto wa nani?"

"Wa mzee Philipo, wa Sepuka."

"Mzee ana ng'ombe?"

"Wapo, bibi."

"Wangapi?"

Kwetu ng'ombe hawatajwi kwa idadi. Unawajua kwa rangi na pembe, jioni unaona yupi hayupo. Anayewahesabu kwa mdomo anawaitia kifo.

"Wapo tu," akasema, akitazama viatu vyake.

"Wa baba yako unaogopa kuwataja, halafu unamtaka mtoto ahesabu wa mtu mwingine, tena aliyefikwa na msiba!"

Hapo Agripina akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza mle shuleni, kwa Kinyaturu: "Bibi, mtu akipotelewa na ng'ombe hakai kuuliza waliobaki. Anachukua fimbo anawatafuta. Ndiyo nimechora."

Zefania akacheka mpaka akashika meza, kabla hajakumbuka kwamba lugha hiyo hapaswi kuielewa. Akaenda kufunga dirisha. Akarudi akamnong'oneza mtoto, kwa Kinyaturu safi cha Sepuka: magunia kumi na mawili ya alizeti, matano yameloa mvua, makavu mangapi?

"Saba," akajibu kwa Kinyaturu. Akarudia kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kiingereza, halafu kwa Kiingereza hicho hicho akauliza ni mzembe gani aliyeacha alizeti nje wakati wa mvua.

Mwalimu akaichukua ile barua, akaichana. "Anakwenda la nne," akasema.

Mara mlango ukafunguka, mwalimu mkuu huyo. "Nani anaongea kilugha humu?"

Zefania akawa mweupe kama unga. Agripina akanitazama. Nikakitungua kile kibao cha shingoni kilichokuwa kimetundikwa ukutani, nikajivika.

"Ni mimi, mwalimu. Nimekoma." Nikatoka nacho.

Sheria ni sheria: anayevaa hukivua akimkamata mwingine. Nilifika nyumbani, Benson akaniona na ule ubao kifuani, akapiga yowe la Kinyaturu lililosikika Sepuka. Nikamvika. Jioni hiyo aliomba chumvi kwa lugha ya mama yake, akapewa.

Shule inakitafuta kibao hadi leo. Mimi nafunikia mtungi. Agripina yuko darasa la nne, na ndiye anayeyaandika haya ninayosema. Mara mbili ameacha kalamu kuniuliza kama habari ya jogoo ni kweli. Nimemwambia aandike.