Alamu Niliyomfungia Mama Kule Kanoni

Mlango wa stoo ya mama yangu ulikuwa unafunguliwa mchana kweupe, na aliyekuwa anaufungua haonekani.

Simu yangu inalia tii! Naangalia: MLANGO WA STOO UMEFUNGULIWA. Nampigia mama.

"Mama, kuna mtu stoo?"

"Hakuna, mwanangu. Umefungwa. Kufuli naliona hapa nilipokaa. Umekula lakini?"

Baada ya siku chache, tii! tena. Wiki inayofuata, tena.

Jamani, nisomeni mpaka mwisho. Mkimaliza nitukaneni tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Naitwa Vero. Nina duka la dawa Rubwera, huku Kyerwa. Mama yangu, Benadeta, anaishi Kanoni, Karagwe, kwenye kibanja alichoacha marehemu baba. Migomba, kahawa, na mbuzi wake. Ndani ya nyumba yuko peke yake. Kaka yangu Gideon anafanya kazi Mwanza.

Msimu uliopita wezi walivunja stoo mama akiwa kanisani. Walisomba kahawa yote iliyokauka. Mama alilia kama mtoto.

Gideon akaja likizo, tukakubaliana tufunge alamu. Tukaenda kwa fundi Eliud pale Kayanga, jirani na stendi. Akatuwekea aina mbili mezani.

"Hii ya waya ni ngumu," alisema. "Mtandao upotee, usipotee, inalia. Ila lazima nitoboe kuta, nipitishe waya mpaka kwenye king'ora. Hii isiyo na waya nabandika kidude mlangoni, natia laini, kazi imeisha. Ila mkumbuke kubadilisha betri, na mtandao ukisumbua ujumbe unachelewa."

Gideon hakufikiria mara mbili. "Ya waya. King'ora kikilia, majirani wote wanatoka."

Nikamkatalia hapohapo. "Tutoboe kuta alizopiga lipu baba kwa mikono yake? Halafu mama ana presha, hicho king'ora kitamuua kabla ya mwizi."

Gideon akakubali. Nilionekana mtoto mwenye huruma kweli.

Uongo mtupu. Sikutaka majirani wasikie, kwa sababu mwizi nilikuwa nimeshamchagua kichwani, na nilitaka kumnasa kimyakimya.

Eliud akasema, "Dada, hata hii isiyo na waya naweza kuiwekea king'ora."

"Usiweke. Iniletee mimi ujumbe kwenye simu, basi."

"King'ora kinawaita walio karibu. Simu inakuita wewe, na wewe uko Rubwera."

"Nimeelewa, fundi. Funga."

Sikuwa nimeelewa kitu.

Sasa huyo mwizi wangu wa kichwani. Anaitwa Sebahire. Wazee wake walitoka Rwanda, yeye amezaliwa hapahapa. Anaishi na mkewe Nyirabageni nyuma tu ya kibanja chetu. Tangu baba afariki, ndiye anayempalilia mama, anayekata majani ya mbuzi, anayepandisha mikungu kutoka bondeni. Mama akikohoa, Sebahire anauliza kulikoni.

Kosa lake? Alikuwa karibu. Basi.

Kila alamu ikinijia, namuuliza mama, "Umemwona nani hapo nje?"

"Nani tena, mwanangu? Ni Sebahire tu, anafyeka."

Ni Sebahire tu! Mimi huku najumlisha.

Siku moja nikapanda gari hadi Kanoni. Sikupitia kwa mama. Nilikwenda moja kwa moja kwa Sebahire, nikamkuta anakula na familia yake. Mzee wa umri wa baba yangu, hata shikamoo sikumpa.

Nikamchana mbele ya mkewe na watoto.

"Kahawa ya mama uliichukua wewe. Na bado unaufungua ule mlango, simu yangu inaniambia kila kitu. Nisikuone tena kwenye kibanja chetu. Ninyi watu wa kuja hamna shukrani."

Nilisema hivyo. Mimi, ninayeimba kwaya.

Sebahire akaweka chakula chini. Akasema taratibu, "Dada Vero, mimi sijawahi kushika ule mlango."

"Kaa mbali, nitakupeleka polisi."

Hakubishana. Haikupita wiki akaenda kutafuta vibarua upande wa Murongo. Nyirabageni akabaki kuvuna maharage yake kwanza, kisha amfuate na watoto.

Mama alinipigia akiwa mnyonge. "Sebahire ameondoka bila hata kuniaga. Nilimkosea nini?"

"Amepata kazi nzuri, mama," nikamjibu. Na sauti yangu haikutetemeka.

Halafu, ndugu zangu, tii! MLANGO WA STOO UMEFUNGULIWA.

Sebahire yuko Murongo, mlango unafunguliwa na nani?

Badala ya kujiuliza vizuri, nikasema kifaa ni kimeo. Nikazima mlio wa zile jumbe, nikajiambia nitamwita fundi nikipata nafasi.

Alhamisi moja duka limejaa, nikaona simu inawaka pale kaunta. Stoo. Nikaigeuza kifudifudi. Ikawaka tena, na tena. Nikaendelea kuhesabia watu vidonge.

Jioni Nyirabageni akanipigia. Sijui namba yangu aliipata wapi.

"Dada, njoo hospitali. Mama ameanguka."

Mama aliteleza akibeba mkungu wa ndizi, mfupa wa paja ukavunjika. Simu yake ilikuwa ndani ya nyumba, na pale uwanjani stoo ndiyo ilikuwa karibu. Akajiburuta. Ufunguo anautembeza shingoni na rozari. Akafungua kufuli, akawa anausukuma na kuurudisha ule mlango, akinisubiri mimi.

Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mtu ambaye angemsikia nilikuwa nimemfukuza.

Nyirabageni ndiye aliyemkuta, alipotoka shambani akaja kumletea maharage mabichi. Yule mama niliyemtukania mume mbele ya wanawe ndiye aliyetafuta gari, na ndiye aliyemshika mama njia nzima.

Nilifika wodini nikilia. Mama akanishika mkono.

"Usilie. Kosa ni langu, waitu, mwanangu. Nimeizoesha simu yako uongo."

"Uongo gani, mama?"

Akageuza uso ukutani kwa aibu.

"Ule mlango nilikuwa naufungua mimi. Nikikupigia, unasema una wateja, utanipigia baadaye. Hupigi. Ila nikiufungua tu, unanipigia hapohapo, unaniuliza kama niko salama. Nikawa nafungua, nafunga, narudi kukaa kusubiri."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ikabidi na mimi nimweleze kuhusu Sebahire. Mama hakunigombeza. Alifumba macho tu, akasema, "Kumbe nimemfukuza mimi." Hilo neno lilinichoma kuliko tusi lolote.

Nilimfuata Sebahire kulekule Murongo. Nilimkuta anapalilia kahawa ya mtu. Nikapiga magoti kwenye matope, nikamwambia kila kitu.

"Inuka, watu wanatuangalia," alisema. "Nimekusamehe."

"Basi rudi nyumbani, mzee wangu. Nakuomba."

Akatikisa kichwa. "Mama yako nitakuja kumwona, yeye hajanikosea. Lakini kurudi, hapana. Watoto wangu walinisikia nikiitwa mwizi, na wewe hujaja kuwaambia wao."

Nikaomba anipeleke kwa watoto. Alinipeleka. Kuwaomba radhi watoto waliokaa kimya wakikutazama, hilo sitalisahau maishani.

Mwizi wa ile kahawa hajulikani mpaka leo. Mama sasa anaishi nami Rubwera, anatembelea fimbo.

Watu wananiuliza, "Vero, nifunge alamu ya waya au isiyo na waya?" Nawajibu kwamba zote zinalia. Chagua ukishajua nani ataitika, na kama bado mnasalimiana na huyo mtu.