Gurudumu Kwanza, Swichi Baadaye

Juzi nilikuwa Nakivubo nikitafuta betri za redio, muuza duka akaniambia kwamba fundi wa pampu wa kile kiwanda chetu cha zamani cha sabuni ameshazikwa, kwao Lubaga. Niliondoka bila betri. Wasomaji wangu mmezoea maswali yangu yasiyokwisha. Leo mjue aliyeniambukiza ugonjwa huo.

Miaka ya sabini, wanajeshi wakitawala, nilikuwa karani wa kiwanda hicho, kule Nakawa. Mwenye mali alikuwa amefukuzwa nchini, vipuri havipatikani, na bomba lililopandisha maji hadi kwenye tangi la kilimani lilikuwa limechakaa. Fundi hakuzima mota ya pampu ghafla hata siku moja. Kwanza alifunga vali kwa kuzungusha gurudumu lake polepole, mizunguko thelathini, ndipo akabonyeza swichi. Mimi nilidhani ni madaha tu.

Asubuhi moja akaingia ofisa wa jeshi na askari wawili. Alitaka kutuhutubia, kelele za pampu zikamshinda.

"Zima hiyo!"

Fundi akaliendea gurudumu, akalizungusha kama mara kumi na mbili. Ofisa akachomoa bastola. "Wewe! Mimi nasema zima, wewe nazungusha? Wewe nataka kuhujumu kiwanda ya serikali?"

Siku hizo mtu alichukuliwa kwa neno hilo moja na asirudi. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshajificha nyuma ya mapipa ya mafuta.

"Hapana, afande," fundi akajibu, mkono ungali kwenye gurudumu. "Mota nasimama mara moja. Maji hapana. Iko napanda kilima na nguvu yote. Nikikata umeme sasa, maji narudi chini, napiga paipo, napasua. Weka mkono hapa, sebo, bwana mkubwa, sikia mwenyewe."

Ofisa akalitazama bomba, akamtazama fundi. Kisha, jambo ambalo hadi leo linanishangaza, akairudisha bastola na kuweka kiganja.

"Kweli, maji nakimbia! Nabaki mizunguko ngapi?"

"Kumi na nane, afande."

Akaizungusha yote mwenyewe, jasho likimtoka, akisimama kila mara kulipapasa bomba. Fundi akabonyeza swichi, pampu ikanyamaza bila kishindo. Hotuba ilisahaulika; ofisa alibaki akiuliza kama na feni nayo huzimwa hivyo.

Siku hizi kuna kisanduku kinachopunguza umeme wa mota kidogo kidogo hadi isimame, maji yakatulia yenyewe. Nilikiona mwezi jana, nikaweka kiganja kwenye bomba kama yule ofisa, nikatamani fundi angekuwepo nimuulize anakionaje. Pia sikuwahi kumwambia kuhusu mapipa. Naona haya hata sasa.

Nilidhani siku ile aliokoa bomba tu. Kumbe hasira ya ofisa aliizima kwa njia ile ile, mzunguko baada ya mzunguko. Wa kuzima mota tunao wengi, na visanduku tunavyo. Aliyemfanya mwenye bastola aulize swali, tumemzika Lubaga.