Upande wa Chini wa Kabati

Mjomba wangu hakubeba kitu alichoweza kukisukuma, wala hakusukuma kitu alichoweza kukibingirisha. Aliyemwona kazini mara ya kwanza alimdhania mvivu. Kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu kutoka nyumba hii kwenda ile, kwa lori dogo la kukodi ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, maana ndilo neno alilowapigia kelele wapakiaji wake kutwa nzima: taratibu hapo mlangoni, taratibu na kioo hicho, taratibu, huo ni ukuta wa watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajua kusoma na kuandika ndipo nikagundua kwamba ana jina jingine.

Alikuwa kaka mkubwa wa mama. Siku za likizo mama alichoshwa na mdomo wangu, akanipeleka kwa kaka yake nikamchoshe na yeye. Ndiyo maana utoto wangu nikiukumbuka unanukia mablanketi ya zamani na kamba za katani. Nilikaa nyuma ya lori juu ya kochi la mtu, nimekumbatia kioo cha mtu, nikiutazama mji ukirudi nyuma. Nimekalia viti vya bei tangu hapo, na hakuna hata kimoja kilichonipa raha ile. Mjomba sasa hayupo, na kamba yake ya mwisho ninayo mimi. Nikiinusa naitamani likizo.

Akiingia chumbani kwa watu, hakuanza kwa kunyanyua. Alilizunguka kabati kwanza, kisha akaweka kidole kimoja juu yake na kulisukuma kidogo, mpaka mguu mmoja unyanyuke sakafuni unene wa kucha, halafu akaliachia.

"Nalisalimia," alisema.

Kwa salamu hiyo alijua uzito umekaa wapi, juu au chini, mbele au nyuma, na kabati lenyewe lingependa kuangukia upande gani likipewa nafasi. Baada ya hapo alimwomba mwenye nyumba kipande cha sabuni. Kina mama wengi walimletea na maji, wakidhani anataka kunawa. Yeye alipiga magoti, akaipaka sabuni chini ya miguu ya kabati, akalisukuma kwa nyonga, na kabati lililowashinda wanaume watatu likateleza juu ya sementi kama limeitwa.

Nilipofundishwa mambo hayo shuleni nilirudi na neno. Nikamwambia kinachoshika miguu ya kabati sakafuni kinaitwa msuguano, na sabuni kazi yake ni kuupunguza. Alifurahi sana.

"Kumbe ana jina," alisema. "Miaka yote hii nagombana na mtu nisiyemjua jina."

Tangu siku ile, akikwama kwenye zulia alimlaani Msuguano kwa jina lake, na mvua ikilowesha ngazi alilalamika kwamba Msuguano leo hakuja kazini.

Kitu kizito, kwake, kilikuwa kama mgeni aliyekula akashiba. Kumwinua ndiyo shughuli. Lakini akishainuka akashika njia, nako kumsimamisha ni shughuli nyingine, na wengi wanaisahau hiyo ya pili. Kuna dereva wake mmoja aliyekatiziwa na mbuzi akakanyaga breki kwa nguvu. Friji iliyokuwa nyuma, ambayo haikufungwa vizuri, haikusimama. Ilikuja mbele ikabonyeza kibanda cha dereva. Mwenye friji akafoka, iweje lori lisimame na friji yake iendelee na safari? Mjomba akamjibu kwa upole, "Lori tumelikanyagia breki. Friji nani aliikanyagia?" Alimlipa, maana hakuwa mtu wa dhuluma, lakini kuanzia hapo alifunga kila kitu, hata mito ya kulalia.

Kwenye ngazi utani uliisha. Hapo panatakiwa watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na mjomba alikaa chini siku zote. Aliwahi kuajiri wapakiaji wenye vifua kama milango, akawaamuru wakae juu, yeye mfupi akaingia chini. Nilimuuliza kwa nini.

"Ukilaza mzigo kwenye mteremko, uzito unamtafuta aliye chini," alisema. "Wa juu anaongoza tu. Wa chini akiteleza, anaumia yeye. Wa juu akiteleza, anaumia huyohuyo wa chini. Sasa nimweke mtoto wa mtu hapo?"

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwomba nafasi ile, naye ni baba yangu.

Baba alikuwa seremala. Alipokaribia kumuoa mama alipanga vyumba viwili ghorofa ya pili, akatengeneza kabati la mbao ngumu, ndimi za mbao zimeingia kwenye matundu yake kwa gundi, bila msumari hata mmoja. Lilikuwa kabati la kujionyesha, tuseme ukweli. Akaja mjomba na kamba zake kulipandisha, na mjomba wakati huo hakumpenda. Alimwona mwembamba, mkimya, na anajenga kabati kubwa kuliko riziki yake. Wakalishika, mjomba chini, baba juu. Ngazi ilipokata kona ya kwanza baba akasimama.

"Shemeji, tubadilishane."

"Wewe panda," mjomba akamwambia.

Kona ya pili akasema tena, shemeji, tubadilishane. Aliomba kila kona, na kila kona akanyimwa, mpaka kabati likaingia ndani.

"Mikono yenyewe kama fimbo za mwavuli," mjomba alitusimulia kila ukoo ulipokutana. "Lakini nikajua, kwa huyu, dada yangu hataachiwa upande wa chini peke yake." Baba aliinamisha macho sakafuni na kudai kwamba hakumbuki. Siku tuliyomzika baba, mjomba hakuisimulia hadithi ile, na mimi nilikaa naingojea kama mjinga. Ilipopita jioni bila kuisikia ndipo nilipolia.

Mama alibaki kwenye vyumba vile, na magoti yake yakazeeka kabla yake. Siku moja jirani alimkuta amekaa katikati ya ngazi, vitunguu vimebingirika mpaka uani, anacheka ili asilie. Nikasema basi, unahamia kwangu, nyumba haina hata kidato kimoja. Alikubali upesi mno nikaingiwa na wasiwasi, na kweli, sharti likafuata.

"Kabati likibaki, nabaki nalo," alisema.

Namjua mama. Angebaki, na siku moja angeanguka vibaya.

Vijana wawili wa kuhamisha vyombo walikuja asubuhi, wakashusha kitanda, sufuria, viti, kila kitu. Kwenye kabati wakasimama. Walijaribu kulinyanyua, wakatazamana, wakaniuliza kwa heshima kama tunaweza kulikata katikati kwa msumeno halafu tukaliunga kwa skrubu huko liendako. Nilishukuru kwamba mama alikuwa jikoni. Nikawaambia watangulie na shehena ya kwanza kabla hawajamuuliza yeye.

Kumbe mama alishampigia simu kaka yake. Nami sikutaka apigiwe. Mgongo wa mjomba ulikuwa umekwisha. Daktari alimkataza kunyanyua hata ndoo ya maji, na alishaacha kazi. Lakini alifika, shati limepigwa pasi, kamba begani.

"Nitakaa chini," alisema, hata hajakaribishwa.

"Hukai," mama akamjibu. "Kaka, wewe hata viatu unavalishwa."

 Mjomba alilitazama kabati, akatazama mlango, akajifanya anapima. Nilimhurumia mno. Alikuwa amekaa upande mmoja maisha yake yote, na sasa dada yake mwenyewe anamwambia ahame.

"Chini atakaa nani basi?" aliuliza mwishowe.

Mama akanigeukia mimi. Asante sana, mama.

Mjomba alilisalimia kabati kwa kidole, ile salamu yake ya zamani. Akaamuru tutoe kila kilichomo na kufunga milango yake kwa shuka. Tukapaka sabuni, tukalisukuma hadi kwenye ngazi, tukalilaza chali juu ya mablanketi, liteleze kwenye kingo za vidato badala ya kubebwa. Kisha akalifunga kamba, na ile ncha nyingine akaizungusha mara tatu kwenye nguzo nene ya chuma inayoshikilia reli ya ngazi. Akanipa mkia wa kamba.

"Shika hapo."

Nikashika. Akalisukuma kabati kwa nyonga likavuka ukingo. Kamba ikalia kwenye nguzo, nikafumba macho, nikangoja kuburutwa. Nilichohisi mkononi ni mvuto mdogo, kama mtoto anayevuta gauni la mama yake sokoni. Nikilegeza, kabati linashuka kidogo. Nikikaza, linasimama.

"Nani amelishika?" mjomba akauliza.

"Mimi."

"Wewe unasaidia tu. Aliyelishika ni yule Msuguano wako wa shuleni."

Akaichukua kamba, nami nikapita ubavuni nikashuka kwenda kukaa mahali pangu, upande wa chini. Alinifundisha kuliongoza lisigonge ukuta na kutoshindana nalo. Mama alitufuata nyuma, ameshika reli, akikaa kwenye kidato cha juu kila tulipopumzika. Penye kona tulilisimamisha kabati na kulitembeza, pembe moja mbele, pembe nyingine mbele, kama mlevi anayerudi nyumbani, kisha tukalilaza na kuizungusha kamba kwenye nguzo inayofuata. Nililowa jasho, zaidi la woga kuliko la kazi. Mjomba alikuwa anaimba neno lake, taratibu, taratibu, na kwa muda nikawa nimekaa tena juu ya kochi la mtu nyuma ya lori.

Kwenye kipande cha mwisho neno likakatika. Kabati likasimama katikati ya ngazi.

Niliinua macho. Mjomba alikuwa amesimama wima mno, macho ameyafumba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeng'ang'ania kamba. Mgongo ulikuwa umemkamata. Kipande hicho kilikuwa chembamba kuliko vya juu na kabati lilikijaza chote, kwa hiyo nisingeweza kupanda kwake, wala sikuthubutu kuondoka nilipo. Akiachia, kazi ya baba ingevunjika hapo hapo, na mimi ningekuwa chini yake. Yeye alilijua hilo kuliko mimi, na ndiyo maana alizidi kuikaza kamba.

Mama aliona. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha juu, akajikokota kwa makalio mpaka miguuni pa kaka yake, akaishika kamba nyuma ya mkono wake.

"Kaka," alisema, "tubadilishane."

Mjomba akafumbua macho. Nilidhani atamkatalia kama alivyomkatalia baba kwenye kona zilezile. Alimtazama dada yake. Kisha akafungua vidole, kimoja kimoja, mpaka kamba ikabaki mikononi mwa mama.

Huku chini sikuhisi tofauti yoyote. Kabati liliendelea kushuka mwendo uleule, kidato baada ya kidato. Mama yangu, asiyeweza kujishusha mwenyewe ngazi ile, alikaa ameibana midomo na kulishusha kabati la mume wake mpaka likagusa sakafu ya chini. Kwa moyo wangu wote nilitamani baba amwone.

Mjomba alijinyoosha polepole, akajaribu kiuno, akaona kinarudi. Akaiangalia mikono yake.

"Sijawahi kushuka ngazi hii mikono mitupu," alisema.

"Nani kakwambia ni mitupu?" mama akamuuliza. "Mimi nashukaje?"

Mjomba akashika reli, akashuka kidato kimoja, akageuka kumwelekea dada yake. Akampa bega, na mama akaliwekea mkono.

"Taratibu," mjomba alimwambia.

Wakaja hivyo kidato kwa kidato, mama akiwa juu, yeye akishuka kinyumenyume, upande wa chini.