Kikombe Nisichokionja

Ipo siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa juzi uliniuliza ukasomee uuguzi chuo gani, keti nikusimulie. Si hadithi tamu.

Nilikuwa msichana wa Gungu, nimemaliza kidato cha nne. Baba alitaka niende chuo cha hospitali, miaka mitatu, mwaka wa kwanza kumwaga mabeseni ya wagonjwa. Nikakataa. Mjini kulikuwa na kozi ya miezi sita, vyumba viwili juu ya duka, na sare nyeupe unakabidhiwa siku ya kwanza. Sare ile ndiyo iliyonichagulia chuo, usicheke. Nilikuwa napita nayo sokoni makusudi, hata siku zisizo na masomo. Wodi hatukuikanyaga, kila kitu tuliandika daftarini. Wahenga walishasema elimu bila amali ni nta bila asali, lakini nani aliwasikiliza?

Ndipo vita vya Kongo vikamwaga watu ng'ambo hii ya ziwa. Walishuka ufukweni Katonga wamechoka hoi, wengi na kipindupindu. Wahudumu walikuwa haba, nami nikapokelewa kwenye hema la wagonjwa kwa ajili ya sare tu. Nikakabidhiwa mtoto wa miaka miwili, Furaha, na pakiti za chumvi ya kumrudishia maji mwilini. Kwa kuandika nilijua: pakiti moja, lita moja ya maji. Lakini mtoto alizidi kulegea, na kwetu tumelelewa tukiamini dawa kali ndiyo dawa. Nikaona nimkolezee. Nikamimina pakiti mbili katika maji ya chupa moja ndogo ya soda, nikamnywesha asubuhi nzima, mama yake akimshika kichwa.

Adhuhuri akashikwa na degedege. Alasiri haikumkuta.

Muuguzi mkuu wa hema, Mama Perpetua, mtu wa Kasulu asiyejua kupaza sauti, alichukua kikombe nilichokuwa nikimnyweshea, akaonja, akatema chini.

"Maji haya hayatakiwi kuzidi chumvi ya machozi," akaniambia. "Wewe uliyaonja?"

Nikasema sikuyaonja.

"Chuoni kwenu mliwahi kuyakoroga?"

Nikasema hatukuwahi. Akaniambia nivue sare ile, nikasome kwanza. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikitoka, mama wa mtoto akanishika mikono yote miwili. "Aksanti, munganga," akasema, kama Wakongo wanavyomwita daktari; alidhani nimempigania mwanawe. Nami nikaipokea ile asante, mwanangu. Nikasema pole, nikaondoka. Sikumwambia, na sikumwona tena.

Nilikwenda chuo kile alichotaka baba, nikamwaga mabeseni. Basi wewe usichague chuo kwa sare, wala kwa ukaribu, wala kwa ufupi wa kozi. Uliza kama kimesajiliwa. Uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi wodi gani, tangu mwaka gani. Watafute waliomaliza pale, uwatazame wakiwa kazini. Wakikuonyesha madaftari tu, aga uende zako. Na ukifika wodini, usilolijua sema hulijui, hata mgonjwa akisikia. Aibu hiyo hupita. Yangu imezeeka nami.

Mungu akupe mikono iliyofundwa, mwanangu, na kila asante utakayopewa iwe ni haki yako.