Ree Yenye Kona Iliyokunjwa

Eliasi wa Kwamndolwa alikuwa fundi baiskeli, mtoto wa manamba aliyekuja kukata mkonge asirudi tena kwao. Lakini Korogwe haikumjua kwa kuziba pancha. Ilimjua kwa karata. Miaka saba hakuna aliyemfunga wahedi na sitini, mchezo ambao anayefikisha pointi sitini na moja ndiye mshindi. Watu walisema ana kichwa. Eliasi alicheka nao, na moyoni akaona aibu.

Ukweli aliujua peke yake. Enzi zile za foleni za sabuni, karata mpya hazikupatikana, na kasha lake lilichezwa mpaka kila karata ikapata kilema chake. Eliasi, mtunzaji, akazijua zote kwa migongo. Hakukusudia kuiba, macho yalizoea tu, kama unavyomtambua jirani kwa kisogo. Basi hakujua kama yeye ni mchezaji au mwizi.

Mwaka 1988, vitu viliporudi madukani, alipata kasha jipya kwa wachuuzi wa Mombo, lenye mgongo mwekundu uleule. Jumapili Muhidini, bingwa wa Handeni aliyekwisha kufungwa naye mara nne, angekuja tena, na kwa desturi mwenyeji ndiye hutoa karata. Ijumaa mbuzi wa Rhoda, mkewe, akatafuna karata moja. Katika arobaini zote, mbuzi yule mwanaharamu alichagua ree ya shupaza, karata ya pointi kumi na moja!

Ikabidi ile ree ya zamani iingie, yenye kona iliyokunjwa. Jumamosi nzima Eliasi alikaa uani na makasha mawili, akipima karata moja moja.

"Baba Lea, karata moja ndiyo inakuhangaisha hivyo?" Rhoda aliuliza.

"Hiyo moja inatosha kunifanya mwizi, mama."

Mwishowe akatoa mbili ya uru na nne ya pau zilizo mpya, akaweka za zamani, maana nazo zilikunjwa kona ileile. Sasa kona ikionekana, huenda ni ree, huenda ni karata ya bure. Aliogopa. Akifungwa kesho, ushindi wote wa nyuma ulikuwa wa macho tu.

Jumapili turufu ikatoka shupaza, yaani ndiyo iliyokula nyingine zote. Mchezo ukaenda mpaka Eliasi akafikisha hamsini na mbili, huku karata mbili tu zikibaki za kuokota. Mkononi alikuwa na saba ya pau, yenye pointi kumi. Akiitupa ikapita, ameshinda. Ikiliwa, kwisha habari.

Ya kuila ilikuwa moja tu, ree ya shupaza, nayo haijatoka bado. Eliasi akatazama: kona iliyokunjwa ilikuwa mkononi mwa Muhidini, na nyingine juu ya fungu la kuokota. Nne ya pau ilikwisha kupita. Ree ni mojawapo ya hizo mbili, ipi?

Akafumba macho. Akaukumbuka mchezo tangu mwanzo, karata kwa karata. Mizunguko miwili nyuma alitupa ree ya kopa, na Muhidini, ile kona ikiwa tayari mkononi mwake, akaiacha ipite. Mtu mwenye ree ya turufu haachi pointi kumi na moja ziende hivihivi. Akaitupa saba.

Muhidini akatupa mbili ya uru, kona imekunjwa. Eliasi akaokota ree: ameshinda.

"Hebu nizione," alisema Muhidini. Akazigeuza zote arobaini, akazikuta zile kona tatu, akacheka. "Bwana Eliasi, miaka yote nilidhani unasoma migongo."

"Nilikuwa nasoma," Eliasi akasema mbele ya watu wote, na kifua kikawa chepesi. "Leo sikuweza."

Muhidini akazipanga karata taratibu, kisha akampa mkono.

"Basi leo ndiyo mara yako ya kwanza kunifunga."